Benchi la Kazi la Mninga Kutoka kwa Seremala wa Tabora: Tathmini Baada ya Kiangazi na Masika

Benchi ninalolitathmini hapa lilitengenezwa kwa oda katika karakana moja ya useremala iliyopo Ng'ambo, mjini Tabora, na limekaa katika banda la uani kwangu kiangazi chote na masika yote, muda unaotosha kuona mbao zikipitia ukavu na unyevu kabla ya mtu kutoa hukumu. Uso wake na miguu yake ni kazi ya daraja la juu, na hakuna benchi la kukunja linalouzwa ndani ya boksi madukani ambalo ningelibadilisha nalo. Hata hivyo, jiliwa lake, yaani kile kifaa cha kubania ubao unapofanyiwa kazi, lilifungwa bila uangalifu, na rafu ya chini iliundwa kwa mbao ambazo hazikustahili kuwekwa pale.

Kazi ninayoifanya baada ya saa za ofisi ni kutengeneza mizinga ya nyuki, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nidai benchi lenye uso ulionyooka kweli kweli. Katika mzinga wa viunzi vya juu, yaani vibao vyembamba vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize masega yao, kila kiunzi hupaswa kuwa na upana wa milimita 32, kipimo kinachoendana na umbali ambao nyuki wetu wa Afrika huuweka kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya linalofuata. Viunzi vikizidi au vikipungua, nyuki huunganisha masega, na mfugaji hawezi tena kuinua kiunzi kimoja bila kuvunja cha jirani. Ubao mwembamba wa namna hiyo ukirandwa juu ya meza inayotikisika au yenye bonde katikati, randa hula zaidi upande mmoja, na kosa hilo hurudiwa katika kila kiunzi kinachofuata. Kwa sababu hiyo nilimweleza fundi tangu mwanzo kwamba urembo si hoja. Hoja ni uzito, unyoofu na kimo.

Mbao zilizotumika ni mninga. Tabora imo katikati ya misitu ya miombo, ambako mninga huota kwa asili, na mafundi wa hapa wanaujua mti huu vizuri kuliko mbao nyingine yoyote. Sifa yake kubwa kwa benchi ni kwamba ukishakauka hutulia: husinyaa kidogo na kutanuka kidogo, tofauti na mbao nyingi zenye uzito unaokaribiana na wake. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu huwa na uzito wa takribani kilo 600, hivyo uso wa benchi langu, wenye urefu wa sentimita 180, upana wa 65 na unene wa karibu sentimita nne na nusu baada ya kupigwa randa, peke yake unapita kilo 30. Uzito huo ndio unaolifanya benchi lisisogee wakati wa kusukuma randa kwa nguvu.

Jambo la kuangaliwa kabla ya kulipa ni rangi ya kingo za ubao. Sehemu ya ndani ya mninga, yenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, huhimili mchwa na wadudu wengine kwa miaka mingi, lakini ile nyeupe iliyo karibu na gome haina kinga hiyo na ndiyo inayobunguliwa hadi kubaki unga. Fundi alichagua mbao za uso kwa makini na sikuona weupe wowote juu yake. Mguu mmoja wa nyuma una ukanda mweupe upande wa ndani. Si kasoro ya kulirudishia benchi, ila ninaukagua, na miguu yote nimeipandisha juu ya vipande vya zege ili isigusane na udongo wa banda. Vilevile, mnunuzi asione haya kuuliza nyaraka za mbao. Uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu huhitaji vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mninga ni mti unaokua polepole mno kiasi kwamba kila ubao wa magendo unamdhulumu mtoto atakayetaka kuwa seremala kesho. Karakana hii ilinionyesha stakabadhi bila kusitasita, na hilo nalihesabu upande wa sifa zake.

Kuhusu ukavu, fundi alinishinda kwa uvumilivu. Nilipomwona amezipanga mbao kivulini, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, nilimuuliza kwa nini asianze kuunga. "Kaka, hizi bado hazijatulia," alinijibu, "tukiziunga leo zitakuja kugombana nyumbani kwako." Oda ilichelewa kwa sababu hiyo, na ucheleweshaji huo ulikuwa na thamani kuliko haraka yoyote. Katika ukavu mkali wa Septemba nililaza rula ndefu ya chuma juu ya uso, kwa urefu, kwa upana na kwa kukata pembe hadi pembe, na sikuona mwanga ukipita chini yake. Mvua zilipochanganya nilirudia, nikakuta uso umeinuka kidogo sana katikati, kiasi cha kuingiza karatasi nyembamba tu. Hakuna kiungo kilichoachia, kwa kuwa uso haukukazwa moja kwa moja kwenye fremu kwa misumari. Matundu ya skrubu yalichongwa marefu kidogo kuelekea upana wa ubao, hivyo mbao zinapotanuka zina pa kwenda. Huo ni ufundi ambao mteja hauoni anapopokea mzigo, lakini ndio unaozuia uso usipasuke.

Miguu imeungwa kwa ndimi zilizoingia katika matundu yaliyochongwa kwa patasi, kisha zikapigiliwa vigingi vya mbao. Niliusukuma mwili wangu wote dhidi ya benchi kwa upande, na fremu haikulia. Kimo ni sentimita 88, kilichopimwa nikiwa nimesimama wima na mikono ikining'inia, kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono. Anayeranda zaidi atapenda benchi lililo chini kidogo ya hapo, ili uzito wa mwili usaidie. Anayechora mistari na kukata maungo madogo atapenda lililo juu kidogo. Fundi asiyekupima kabla ya kukata miguu, mwambie akupime.

Sasa jiliwa. Ni jiliwa la seremala lenye parafujo ya chuma na mataya mawili yaliyovikwa mbao, limefungwa upande wa kushoto wa ukingo wa mbele, mahali sahihi kwa anayetumia mkono wa kulia. Tatizo ni kwamba mataya hayakutani inavyotakiwa. Katika jiliwa zuri, sehemu ya juu ya mataya hugusana kwanza kwa tofauti ndogo sana, ili likikazwa mataya yote yalale sawasawa na kushika ubao karibu na pale patasi inapofanya kazi. Hili langu hugusana chini kwanza. Nikiweka kipande cha mninga chenye unene wa inchi moja na kukaza, chini kinabanwa hadi kuacha alama, ilhali juu kuna mwanya unaoweza kupitisha wembe. Nikigonga patasi, kipande kinapanda taratibu kama sabuni iliyolowa mkononi. Chanzo ni kwamba sehemu ya chini ya benchi, pale jiliwa lilipokazwa, haikusawazishwa, na bolti za mbele zilivutwa zaidi ya za nyuma. Kulegeza bolti na kuweka kipande chembamba cha mbao ngumu chini ya kitako cha jiliwa kumepunguza tatizo, lakini kwa benchi la hadhi hii kazi hiyo ilipaswa kukamilishwa karakanani.

Rafu ya chini haina maneno mengi. Ni mbao za paina zilizoletwa zikiwa bado na unyevu, na kabla kiangazi hakijaisha zilikuwa zimejikunja kiasi kwamba kopo la misumari haliketi vizuri juu yake.

Umaliziaji ulihitaji mjadala. Fundi alikwisha kupaka vanishi miguuni, akitaka kuendelea na uso, kwa kuwa wateja wengi hupenda samani inayong'aa. Benchi si kabati: uso wenye vanishi huteleza, na ukikwanguliwa hubanduka. Alikubali kuuacha uso mtupu, nami nikaupaka mchanganyiko wa mafuta ya kitani na nta ya nyuki, ambayo Tabora haina shida nayo. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 63, kwa hiyo huyeyushwa katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Vitambaa vilivyotumika kupaka mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichosongamana kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandazwe nje hadi vikauke kabisa, au vizamishwe ndani ya maji.

Benchi zuri likiwekwa mahali pabaya halitoi faida yake, na mambo haya karakana hayaihusu. Langu nimeliweka chini ya dirisha, na taa ya LED juu upande wa kushoto ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari ninaoukata. Umeme wetu ni wa volti 230; msumeno wa mkono wa wati 1,500 huvuta takribani ampea sita na nusu, mzigo ambao soketi ya ampea 13 huumudu, lakini waya wa ekstensheni ulioviringishwa kwenye gurudumu lake hupata joto, hivyo unyooshwe wote kabla ya kuwasha mashine. Vumbi la mbao lipewe uzito unaostahili. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi hilo mwaka 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mninga hasa huwasha pua na linaweza kuleta pumu. Mimi hupiga msasa mlango ukiwa wazi, barakoa usoni, na sakafu naifagia baada ya kuinyunyizia maji.

Bei yake si ndogo, na sehemu kubwa inakwenda kwenye mbao kuliko kwenye ufundi. Asiye na uwezo huo anaweza kuchomelewa fremu ya vyuma vya engo na kuwekewa uso wa mninga peke yake. Fremu hiyo ni imara, ila iwe na mihimili ya kukata pembe, la sivyo itayumba wakati wa kuranda. Mabenchi ya kukunja ya bati na plaiwudi yanafaa kushikilia mbao wakati wa kupaka rangi au kupiga msumari mmoja mmoja. Kwa randa na patasi hayafai.

Nilipompelekea fundi malalamiko yangu hakubishana. Alikuja na rula yake, akalala chali chini ya benchi, akaona mwenyewe zile bolti, akaahidi kuchonga upya kitako cha jiliwa na kubadilisha rafu kwa mbao kavu bila malipo. Rafu mpya imeshaletwa kwa guta na imekaa vizuri. Jiliwa bado linasubiri nafasi yake. Nimeshamwagiza benchi la pili, dogo, la kunolea na kupigia tupa vyuma, ambalo kimo chake kitapimwa kwa namna nyingine: juu ya mataya ya jiliwa la chuma pafike usawa wa kisugudi changu, pale mkono unapojikunja. Safari hii nimeandika kwenye karatasi ya oda kwamba sitalipokea kabla hatujakaza kipande cha ubao pamoja na kukigonga kwa patasi mbele yake.