Si kila king'aacho chamulika: balbu za taa za mbele kwa gari la Malindi

Vuli moja nilitia balbu za buluu kwenye Probox yangu. Kijana wa dukani aliziwasha kwenye betri mchana kweupe, zikatoa mwanga mweupe pe kama gari la harusi, nami nikalipa bila kuuliza. Usiku uleule nikatoka Malindi na maembe ya kupeleka soko la Kongowea, Mombasa. Mvua ilinikuta kabla ya Gede. Lami ikaunywa mwanga wote, na baba mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye madumu ya maji nikamwona yuko tayari usawa wa kioo changu cha pembeni. Hakuumia mtu. Lakini tangu siku hiyo balbu nazipanga kwa swali moja tu: inaimulika barabara, au inang'aa ionwe na watu?

Kabla ya kwenda dukani, chungulia taa yenyewe. Jua la pwani hulifanya gamba la plastiki liwe njano na ukungu, na hapo hata balbu ya dhahabu haitakusaidia. Msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, halafu dawa ya kung'arishia, na kazi ya asubuhi moja imekwisha. Lipake kinga ya jua baadaye, la sivyo miezi michache linarudi njano. La pili ni arthi. Chumvi yetu haimwachi mtu; ule waya unaofungwa kwenye bodi huota kutu kijani, na umeme ukafika kwenye balbu umechoka. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga wa halojeni, yaani balbu ya kawaida ya uzi, hupungua kama asilimia 30. Mwambie fundi wa umeme apime volti penye soketi, taa ikiwa inawaka na injini inanguruma. Akipata chini ya 12, tatizo lako si balbu. Nimewaona watu wamenunua balbu mara tatu kwa kosa la waya mmoja.

Kisha ujue gari lako linakula balbu gani. Usiamini kumbukumbu ya muuzaji wala jina la gari, kwani Fielder mbili za mwaka mmoja zaweza kuwa na taa tofauti. Itoe ya zamani, usome kitako chake. H4 ina nyuzi mbili ndani, wati 60 za fulu, mwanga wa mbali, na 55 za dimu, mwanga wa karibu. H7 na H11 zina uzi mmoja wa wati 55. HB3 na HB4 pia ni za uzi mmoja, na aghalabu HB3 ndiyo ya fulu na HB4 ya dimu. Soma na volti. Njia yetu hii ina malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni, na maduka mengi huuzia malori na magari madogo kaunta moja. H4 ya volti 24 ina kitako sawasawa na ya 12. Itaingia, itawaka, na itatoa mwanga wa koroboi.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni halojeni ya kawaida ya mtengenezaji anayejulikana: Philips, Osram, Narva, Koito, Stanley. Haina mbwembwe. Mwanga wake una umanjano kidogo, kama Kelvini 3,200 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, na macho yangu yanaupenda zaidi ya mwingine wowote lami ikiwa imelowa. Kwa lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga, H4 halisi hutoa 1,650 hivi kwa fulu na 1,000 kwa dimu. Zishike namba hizo, tutazihitaji mbele. Bei yake ni mamia ya shilingi, si maelfu, na ikiungua Mambrui usiku, utapata nyingine kabla ya adhuhuri. Bandia zipo nyingi, kwa hiyo tazama maandishi kwenye kitako: yawe yamechapwa safi, pamoja na herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoiidhinisha pembeni, E1 ikiwa Ujerumani, E4 Uholanzi. Herufi hiyo nayo hughushiwa, kwa hiyo tazama na uzi wa ndani. Ukiwa umepinda, irudishe kaunta.

Namba mbili ni halojeni iliyoongezwa nguvu, ile yenye asilimia kubwa kubwa kwenye boksi. Wati ni zilezile. Uzi wake ni mwembamba na wa moto zaidi, basi kweli inamulika mbali zaidi, na kweli inakufa mapema. Kwa anayetoka saa tisa za usiku kwenda Mombasa mara mbili kwa wiki, kilomita 120 za giza, bodaboda zisizo na taa za nyuma na mbuzi wasio na mwenyewe, naona inafaa. Kwa anayezunguka Malindi mjini na kurudi Watamu magharibi, ni pesa ya kutupa.

Namba tatu naiweka LED, na najua hapa tutagombana. Vijana wengi sasa hawataki kingine. LED nzuri inakula umeme kidogo na yaweza kudumu miaka. Shida ni kwamba bakuli la taa ya halojeni, lile la ndani linalorudisha mwanga mbele, lilichongwa kwa uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja kamili. Ukiweka vidonge vya LED ambavyo havikukaa palepale, mwanga unatawanyika: wewe unaona weupe mwingi puani mwa gari, na dereva anayekuja mbele yako haoni kitu. Halafu kuna feni. Joto la LED hutokea nyuma, kwa hiyo nyingi zina kifeni kidogo, na kifeni hicho kinavuta vumbi na hewa ya chumvi. Boksi likikuambia lumeni 20,000, zikumbuke zile 1,650 za H4 ucheke. Ukishaamua kununua, chagua iliyo nyembamba, yenye vidonge vilivyokaa pale pale uzi ungekaa, na muuzaji anayekubali kuipokea usipoipenda ukutani. Ukutani maana yake hivi: simamisha gari mita 10 kutoka ukutani usiku, uwashe dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya usawa wa taa, na uwe umekatika wazi. Ukiona ukungu tu, zirudishe.

Namba nne ni zenoni, ambayo mafundi wetu wanaiita HID, na hii ni kwa gari lililotoka nayo kiwandani peke yake. Soma herufi vizuri: D2 na D4 haziingiliani, maana D2 hufanya kazi kwa volti 85 na D4 kwa 42. Herufi ya mwisho nayo: S ni ya taa yenye lenzi ya duara, R ni ya bakuli. Badilisha zote mbili pamoja, kwani rangi hubadilika kadiri zinavyozeeka na utaishia na jicho moja la zambarau. Na usizichokonoe taa zikiwa zinawaka. Zinapowashwa hupita zaidi ya volti 20,000.

Mkiani ziko za buluu, zilizonitia aibu Gede. Ile rangi ya buluu ni chujio. Inakula mwanga ambao umeshaulipia. Chini yake kabisa ziko za wati 100 kwa 90, ambazo zinamulika kweli, ila zinayeyusha soketi na kuchoma bakuli kama hukuweka rilei, ile swichi inayobeba umeme mwingi, na waya mnene. Harufu ya plastiki inayoungua utaisikia kabla hujafika Kilifi.

Ukitaka taa nzima ya mtumba, uliza imetoka wapi. Za Japani na Uingereza zinatupa mwanga upande wetu. Za Dubai zimetengenezwa kwa wanaoendesha kulia, na dimu yake inampiga usoni anayekuja.

Siku ya kufunga, usiguse kioo cha halojeni kwa kidole. Mafuta ya ngozi hutengeneza doa la moto na kioo kinapasuka. Ukigusa, futa kwa spiriti. Rudisha ule mpira wa nyuma kikamilifu, maana ndio unaozuia chumvi, hasa kwa wanaoacha magari siku kadhaa Mokowe kando ya maji wakivuka kwenda Lamu. Nunua jozi. Ile nzima uliyoitoa itie ndani ya soksi kuukuu, uiweke kwenye dashibodi pamoja na bisibisi.