Jumamosi nne na mzee wa Marvel katika ukumbi wa video wa Kamalondo

Ukumbi wa video ninaoueleza hapa uko Kamalondo, mjini Lubumbashi, ndani ya ua wa nyumba ya familia, na mlangoni hauna jina lolote isipokuwa ubao mweusi ambao mwenye ukumbi, mzee ambaye sote tunamwita Papa, huandika kwa chaki filamu za wiki. Kwa kawaida ubao huo hutangaza mpira wa Ulaya, filamu za karate na michezo ya Nigeria. Mwezi uliopita ulitangaza jambo ambalo sijawahi kuliona katika mji huu: Jumamosi nne za filamu za Marekani za bajeti ndogo, zile ambazo hazikuleta faida kubwa zilipotoka lakini zimebaki na wapenzi wasiokubali kuziacha, na ambamo mtunzi wa katuni anajitokeza mwenyewe mbele ya kamera. Mtunzi huyo ni Stan Lee wa Marvel, kampuni ya Marekani ya vitabu vya katuni vya mashujaa, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki Novemba 2018 akiwa na miaka 95. Nilihudhuria Jumamosi zote nne, nikalipa faranga elfu moja kila mara, na nadhani fedha yangu ilipata kazi nzuri, ingawa si kila jioni.

Nianze na kosa la ubaoni, kwa sababu ndilo lililonifanya niingie. Papa alikuwa ameandika kwamba tutamwona «muchoraji wa Spider-Man». Stan Lee hakuwa mchoraji. Alikuwa mwandishi na mhariri: alieleza kisa kwa ufupi, mchoraji akakigeuza kuwa kurasa za picha, kisha Lee akarudi kuweka maneno katika vinywa vya wahusika. Spider-Man wa mwaka 1962 alichorwa na Steve Ditko, na Hulk, lile jitu la kijani la mwaka huohuo, alichorwa na Jack Kirby. Nilimweleza Papa hayo kwa unyenyekevu, kwa kuwa mtu hamsahihishi mzee mbele ya wateja wake, naye akafuta neno moja kwa kiganja na kuandika «mukubwa wa bachoraji». Bila kujua alikuwa ameandika maelezo sahihi zaidi ya filamu ya kwanza kuliko ambavyo ningeweza kuandika mimi.

Filamu hiyo ya kwanza ni The Ambulance ya mwaka 1990, iliyoandikwa na kuongozwa na Larry Cohen, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuusifu mpango huu. Cohen alikuwa mtu wa kutengeneza filamu kwa fedha kidogo na ujasiri mwingi, anayejulikana kwa kupiga picha katika mitaa ya New York bila kusubiri vibali, na hata hapa umati wa watu wanaopita njiani hauonekani kuwa umekodiwa. Kijana mmoja, Josh, anayechezwa na Eric Roberts mwenye nywele zilizoachwa ndefu kisogoni, anamsimamisha msichana barabarani ili azungumze naye; msichana anaishiwa nguvu na kuanguka, gari la wagonjwa la muundo wa kizamani linafika na kumchukua, na Josh anapokwenda hospitalini kumjulia hali anaambiwa kwamba hakuna mgonjwa wa namna hiyo aliyepokelewa. Gari hilo, tunakuja kuelewa, linakusanya wagonjwa wa kisukari kwa ajili ya majaribio ya daktari mmoja. Kisa ni cha kubahatisha, nami sitakitetea. Lakini kazi ya Josh ni kuchora katuni katika ofisi za Marvel, na mkuu wake wa kazi ni Stan Lee, akitumia jina lake mwenyewe.

Hapo ndipo Papa alipoonyesha umahiri wake kama mwendesha ukumbi. Lee alipotokea, Papa alisimamisha picha na kuiacha hivyo kwa muda mrefu, shabiki akiwa na nafasi ya kuangalia meza, karatasi, miwani ya rangi na masharubu yaliyopunguzwa vizuri. Kiti cha mbele yangu alikuwa amekaa mchora vibao anayefanya kazi upande wa soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, mikono yake bado ina madoa ya rangi ya mafuta, naye alisema kwa sauti kwamba yule mzee anasimama kama bosi anayetembelea karakana: hagusi kalamu, anaangalia kazi ya wengine. Ni uchunguzi wa mtu anayejua karakana. Katika filamu hii anayechora ni kijana. Mzee anaongoza, anahimiza, ana wasiwasi kuhusu mfanyakazi wake. Lee hakuombwa kuigiza mtu mwingine, na kwa sababu hiyo hakuna uongo katika uso wake. Hata mbinu ya kisa inatoka katika ofisi hiyo, kwa maana Josh anautafuta uso wa msichana aliyepotea kwa kuuchora na kuwaonyesha watu mchoro wake.

Nitaongeza, ingawa ni kando kidogo ya mada, kwamba James Earl Jones anacheza ofisa wa polisi anayetafuna bazoka karibu muda wote, na kwamba nusu ya ukumbi ilikuja kwa ajili yake baada ya Papa kutangaza kwamba ndiye sauti ya Mufasa, mfalme simba wa The Lion King. Nakala tuliyoonyeshwa ilikuwa imetiwa sauti za Kifaransa, kwa hiyo sauti ya Mufasa haikusikika hata mara moja, na walionuna walikuwa na haki ya kununa. Mwenye ukumbi angepaswa kulisema hilo mlangoni kabla ya kupokea fedha.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyonichosha. The Trial of the Incredible Hulk ni filamu ya televisheni ya Mei 1989, iliyoongozwa na Bill Bixby ambaye pia ndiye anayecheza David Banner, mtu anayegeuka kuwa Hulk, huku Lou Ferrigno akimcheza Hulk mwenyewe kwa kupakwa rangi ya kijani kama ilivyokuwa katika mfululizo wa miaka ya nyuma. Jina linaahidi kesi, lakini kesi yenyewe imo katika ndoto ya Banner tu, na ni katika ndoto hiyo kwamba Lee anaonekana akiwa miongoni mwa wazee wa baraza, akishtuka wakati mshtakiwa anapogeuka kuwa Hulk mahakamani. Hasemi neno. Papa alitutahadharisha, «Bana yangu, muangalie muzuri, anapita mara moya tu!», na bado watu wawili waliokuwa wakinunua karanga kwa mama wa mlangoni walimkosa, ikabidi mkanda urudishwe nyuma. Kwa sekunde hizo chache tulikaa zaidi ya saa moja na nusu, na kwa dakika kama ishirini kati ya hizo umeme ulikuwa umekatika, jenereta ikinguruma uani kiasi kwamba mazungumzo yalikuwa yakisomwa midomoni. Jioni ile ina thamani moja tu, nayo ni ya kumbukumbu: huu ndio mwanzo wa mtindo wa Lee kupita katika filamu za mashujaa wa Marvel, mtindo ambao tangu X-Men ya mwaka 2000, alipokuwa muuza soseji ufukweni, ulikuja kuwa kama muhuri wa kampuni.

Jambo lililoiokoa jioni hiyo lilitangulia filamu yenyewe. Papa alikuwa amepata kipande cha mfululizo wa zamani wa Hulk, sehemu ya mwaka 1979, ambamo Jack Kirby anatokea kama mchoraji wa polisi akichora sura ya kiumbe kwa kufuata maelezo ya shahidi. Na kinachotoka katika karatasi yake ni Hulk wa vitabuni, si yule wa televisheni. Ni muda mfupi sana. Mchora vibao wangu, ambaye sasa nilikuwa namtunzia kiti, aliinama mbele na hakusema kitu mpaka kipande kilipokwisha, kisha akaomba kirudiwe. Ukiziweka picha hizo mbili pamoja, Kirby na penseli mkononi, Lee na ofisi yake ya miaka kumi na moja baadaye, unapata mgawanyo wa kazi uliozaa vitabu vile, na pia unaelewa kwa nini ugomvi kuhusu nani aliumba nini uliendelea kwa muda mrefu hivyo. Sidhani Papa alikusudia mafundisho hayo. Alikuwa anajaza muda wakati watu wanaingia.

Kuhusu Mallrats ya mwaka 1995, iliyoonyeshwa Jumamosi ya tatu, nina mengi ya kusema kwa sababu ndiyo inayompa Lee nafasi kubwa kuliko zote nilizoziona. Mwongozaji wake, Kevin Smith, alikuwa ametoka kutengeneza filamu yake ya kwanza, Clerks, kwa dola 27,575, na safari hii alipewa takriban dola milioni 6, kiasi ambacho kwa Hollywood ni fedha ya mfukoni. Hata hivyo filamu ilikusanya kama dola milioni 2 tu katika kumbi za Marekani, na waliokuja kuipenda waliipata baadaye kwenye kanda za nyumbani. Karibu kila kitu kinatendeka ndani ya jengo moja kubwa la maduka. Brodie, kijana anayeishi kwa katuni na ambaye mchumba wake amemwacha, anamkuta Stan Lee aliyekuja kutia saini vitabu. Badala ya kuomba ushauri, Brodie anamuuliza maswali yasiyotamkika mbele ya wakwe kuhusu maumbile ya mashujaa. Lee anayajibu kwa utulivu wa babu anayejua kwamba kijana anakwepa jambo linalomuuma, kisha anamgeuza polepole kuelekea habari ya mwanamke aliyempenda na kumpoteza. Baadaye tunafahamu kwamba rafiki wa Brodie ndiye aliyemwomba mzee azungumze naye.

Hapo Lee anaigiza kwa kweli. Anapunguza sauti na kuacha nafasi kati ya sentensi, na kijana wa mitaani anayesikiliza anabadilika usoni. Papa, ambaye kwa filamu zisizo na Kifaransa hukaa kando ya televisheni na kutafsiri kwa Kiswahili cha Lubumbashi, alifanya kazi ambayo ningependa mashirika ya filamu yaione. Mizaha ya kwanza aliiruka yote kwa kukohoa, kwa kuwa mama wa karanga alikuwa ameingia na binti zake wawili. Lakini alipofika kwenye maneno ya Lee kuhusu yule mwanamke aliacha kutafsiri neno kwa neno. Alizungumza kama mjomba anavyozungumza na mpwa wake jioni, akiwa ameangalia watazamaji na si kioo, na ukumbi ambao dakika tano kabla ulikuwa ukipiga kelele ulinyamaza. Sijui ni kiasi gani cha ule ukimya kilikuwa cha Lee na kiasi gani kilikuwa cha Papa. Miaka mingi baadaye, katika Captain Marvel ya mwaka 2019 ambayo kisa chake kimewekwa mwaka 1995, Lee anaonekana ndani ya treni akijifunza maneno yake kutoka mswada wa Mallrats. Waliokuwa wameiona filamu hiyo kubwa bila kuelewa mzaha huo walipiga makofi Papa alipowakumbusha.

Hapa Kongo hatuhitaji kufundishwa kwamba fundi anaweza kujiweka ndani ya kazi yake. Chéri Samba, aliyeanza kwa kuchora vibao na katuni huko Kinshasa, amejichora mwenyewe katika picha zake kwa miongo kadhaa, akituangalia moja kwa moja, na hakuna anayemwona kuwa mgeni ndani yake. Ndiyo maana naona filamu hizi za fedha kidogo zinamtendea Lee haki kuliko zile kubwa zilizofuata. Katika zile kubwa yeye ni tarishi, ni mlinzi, ni dereva wa basi. Anatokea, ukumbi unacheka, anaondoka. Katika The Ambulance na Mallrats yeye ni Stan Lee mwenye kazi ya kufanya, na kisa kingepungukiwa kama angeondolewa.

Jumamosi ya nne nitaipitia haraka. Citizen Toxie, filamu ya mwaka 2000 ya kampuni ya Troma iliyoongozwa na Lloyd Kaufman, ina damu, uchafu na matusi kwa kiasi ambacho hata wapenzi wa aina hiyo hukiri kuwa ni kingi, na Lee hayumo kwa mwili: ni msimulizi tu, tena orodha ya majina inamtaja kwa jina la Peter Parker, yaani jina la Spider-Man akiwa mtu wa kawaida. Papa aliwarudisha watoto wote nyumbani mlangoni, jambo ambalo nampongeza kwalo. Ningependa aibadilishe filamu hii kwa L'An 01 ya mwaka 1973, iliyotokana na katuni ya Gébé na kuongozwa na Jacques Doillon, ambamo pia Lee anasikika kama msimulizi, katika sehemu ya New York iliyotengenezwa na Alain Resnais, na ambayo ina sehemu nyingine iliyopigwa nchini Niger na Jean Rouch. Wateja wa Lubumbashi wangefuata Kifaransa chake bila mkalimani.

Kuhusu huduma yenyewe: viti vya plastiki ni vigumu na vile vya safu ya nyuma havina migongo, spika ya kushoto ina mkwaruzo, na saa iliyoandikwa ubaoni ni ya matumaini, kwani hakuna jioni tuliyoanza kabla ya nusu saa kupita. Mwenye ukumbi anapokea ushauri, anarudisha mkanda ukiombwa, na anaruhusu mtu aliyekatizwa na umeme arudi bure wiki inayofuata. Jioni ile ya mwisho, saa moja ya filamu ikiwa imeshapita, kijana mmoja nyuma yangu aliuliza kwa uchovu, «Papa, ule muzee iko wapi?» Papa alimwambia kwamba amekuwa akimsikia tangu mwanzo. Kijana alinyamaza, akageuza sikio upande wa spika nzima, na akasubiri.