BrainHQ: kati ya mazoezi yote, anza na Double Decision

Programu za kunoa ubongo ni nyingi, na ahadi zake zimeutangulia ushahidi kwa mbali. Mwaka 2016 kampuni yenye programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya matangazo ya kupotosha yaliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani. BrainHQ, mojawapo ya programu hizo, ina mazoezi zaidi ya ishirini, lakini lenye ushahidi mzito ni Double Decision.

Gari hujitokeza katikati ya skrini kwa kufumba na kufumbua, na papo hapo alama ya barabarani hutokea pembeni. Picha zikifutika, unachagua ni gari lipi kati ya mawili, na alama ilikuwa upande gani. Ukipatia, picha zinakaa muda mfupi zaidi. Ukikosea, zinakaa zaidi. Kadiri unavyopanda, magari yanafanana, alama inasogea mbali, na alama za kuzuga zinajaa. Ubora wake uko hapo hapo: ubongo wa mtu mzima hubadilika unapobanwa, na zoezi jepesi haliubani.

Zoezi hili limetokana na mafunzo ya kasi ya ubongo kuchakata kinachoonwa, yaliyopimwa katika utafiti wa ACTIVE, wenye watu 2,802 wa miaka 65 na zaidi: vipindi 10 vya saa moja hadi saa na robo, ndani ya wiki 5 hadi 6, na baadhi yao wakapewa vipindi vya marudio baadaye. Miaka 10 ikapita, faida ya kasi bado ilionekana. Kundi lingine la utafiti huo, lililofunzwa kumbukumbu, halikubaki na faida yake. Kwa hiyo anayenunua ili asisahau majina ya watu atavunjika moyo.

Wengi hukwama kwa sababu ya macho. Mwanzoni picha hukaa muda wa kutosha kuyakimbiza pembeni. Zikishuka chini ya milisekunde 200 hivi, jicho halina nafasi tena ya kusogea, na pointi zako zinaporomoka. Kazia macho katikati tangu kipindi cha kwanza. Tumia kompyuta au tableti, kwa sababu kwenye skrini ndogo ya simu pembeni panakuwa karibu mno na katikati. Na usiiachie programu ikupangie, maana huchanganya mazoezi na hili linapata dakika chache tu. Lichague mwenyewe, ukiwa hujachoka.