Wakala wa safari aliyehudumia ujumbe wetu kwenye Mkutano Mkuu wa INTERPOL, Glasgow 2024

Ofisi ya serikali inayopeleka ujumbe kwenye Mkutano Mkuu wa INTERPOL, shirika la kimataifa la ushirikiano wa polisi, hujua tarehe mapema, lakini kibali cha safari na masurufu huchelewa, na wakati mwingine majina ya wajumbe hubadilika tiketi zikiwa zimekaribia kukatwa. Kwa sababu hiyo, wakala wa safari za kikazi apimwe kwanza kwa anavyoumudu ucheleweshaji huo, ndipo nauli yake itazamwe.

Kwa Mkutano wa 92, uliofanyika Glasgow, Uingereza, tarehe 4 hadi 7 Novemba 2024, tulimtumia wakala mmoja wa katikati ya Dar es Salaam. Alitushikia nafasi za Emirates kupitia Dubai, njia inayofika Glasgow bila kupita London, na akawa anazihuisha kila muda wake ulipokaribia kwisha, pasipo kutudai malipo kabla ya kibali kutoka. Mjumbe mmoja alipobadilishwa hatukupoteza hata senti, kwa kuwa tiketi ilikuwa haijakatwa kwa jina lake. Ankara kifani yake (proforma, inayotolewa kabla ya malipo) ilitaja jina na cheo cha kila mjumbe kama vilivyo kwenye barua ya uteuzi, hivyo wahasibu hawakuirudisha. Kuhusu viza alitusisitiza tusisubiri, maana Uingereza hupokea maombi hadi miezi mitatu kabla ya safari, na alama za vidole haziwezi kutolewa kwa niaba ya mtu mwingine.

Upungufu mkubwa ulikuwa malazi. Alituhakikishia kwamba hoteli ilikuwa karibu na ukumbi wa Scottish Event Campus, kumbe ilikuwa mbali, tena kwa masharti ya kutorudishiwa fedha. Hilo si suala la starehe. Katika Mkutano Mkuu kila nchi ina kura moja, na ndipo Valdecy Urquiza wa Brazili alipothibitishwa kuwa Katibu Mkuu kumrithi Jürgen Stock wa Ujerumani. Ujumbe unaochelewa njiani unaweza kuikosesha nchi sauti yake.

Tiketi na viza ningemkabidhi tena bila kusita. Hoteli ningeichagua mwenyewe, ramani ikiwa mezani, miongoni mwa zile zinazofikika kwa miguu kutoka ukumbini au zilizo kwenye njia ya treni inayopita kituo cha Exhibition Centre, kilicho jirani na ukumbi, na ningedai masharti ya kughairi yaandikwe kwenye ankara kabla ya kusaini.