Mustang ya 1966 na Camaro ya 1967: uzoefu wangu nikiwa nazo zote mbili

Ford Mustang yangu ya 1966 ina injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya inchi za ujazo 289, sawa na lita 4.7. Chevrolet Camaro ya 1967 ina 327, yaani lita 5.4. Zote zinalala gereji moja hapa Ohio, Marekani, zote ni za gia za mkono, na spana nashika mwenyewe.

Kwa mbio, Camaro iko mbele kabisa. Kabureta yake ina midomo minne na kiwanda kiliihesabia nguvu za farasi 275, wakati Mustang yangu ya midomo miwili iliandikiwa 200. Ukiingia barabara kuu na gia ya pili ukakanyaga, unasukumwa kwenye kiti. Ila kila springi ya nyuma ilitoka kiwandani na jani moja tu, kwa hiyo ukiondoka kwa pupa ekseli inadundadunda. Nimefunga springi za majani mengi na sasa imetulia. Mustang haina fujo hiyo, lakini wala haikupi raha ile.

Kwenye ufundi mambo yanageuka. Distributa ya Mustang, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, iko mbele ya injini. Unainama kidogo tu, unarekebisha platini, kile kiungo kinachokata na kuunga umeme humo ndani. Ya Camaro imejificha nyuma, karibu na ukuta wa dashibodi, na mimi mfupi hulala juu ya injini kuifikia. Hata hivyo kifuniko chake kina kidirisha: unakifungua injini ikinguruma, unaingiza ufunguo mdogo na kurekebisha hapohapo. Aliyebuni kitu kile namheshimu sana. Oili, zote mbili zinataka yenye zinki ya kutosha, maana oili nyingi za sasa zimepunguziwa na kemshafti za zamani, zile shafti zinazofungua vali, zinalika.

Vipuri vipo kwa zote, ila Mustang za 1966 zilitengenezwa zaidi ya 600,000 na Camaro za 1967 kama 220,000, na ukitafuta kipuri kilichotumika utaiona tofauti hiyo mfukoni. Ukienda kununua Mustang, mwaga maji kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, kisha papasa zulia. Likilowa, kutu imeshakula ndani na kazi yake ni ya kuchomelea, si ya kupaka rangi.

Sasa breki, na hapa naomba unisikilize vizuri. Masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, kwenye Mustang ya 1966 ina chumba kimoja. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Camaro ya 1967 ina vyumba viwili. Upande mmoja ukifa, mwingine unashika. Mimi nilikuwa sijabadilisha paipu za mpira za zamani za Mustang, na moja ikapasuka tukishuka kilima, mke wangu pembeni. Pedali ilikwenda hadi sakafuni. Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono, tukasimama mita chache kabla ya makutano. Hatukuongea mpaka tulipofika nyumbani.

Wiki ile ile niliagiza masta silinda ya vyumba viwili na breki za diski za mbele. Kwa matumizi ya kila siku sasa nachukua Mustang bila wasiwasi. Ukinunua ya kwako, anza na hizo breki, rangi itasubiri.