Uzoefu wangu: Harvard Art Museums, makumbusho ya kutazamwa kwa kufuata mwanga

Makumbusho haya ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Harvard yako Cambridge, karibu na Boston, Marekani. Tangu Juni 2023 kiingilio ni bure kwa kila mtu. Jumatatu hufungwa. Shuka kituo cha Harvard kwenye treni ya Red Line, kisha tembea kidogo hadi Mtaa wa Quincy. Begi kubwa la mgongoni liache kwenye makabati ya chini kabla hujapanda, na ukitaka kuchora humo ndani, beba penseli, si kalamu ya wino.

Msanifu majengo Renzo Piano aliubakiza ua wa ndani wa jengo la 1927 na kuufunika paa la vioo; jengo likafunguliwa upya 2014. Ukitoka kwenye baraza zile zenye jua ukaingia chumba chenye kazi za karatasi, utadhani taa zimeharibika. Hapana. Mwanga hupausha karatasi na rangi za maji, na kilichopauka hakirudi, ndiyo maana kazi hizo kwa kawaida huwekewa mwanga hafifu wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), kisha hurudishwa stoo zipumzike. Yape macho dakika chache yazoee. Na usifunge safari kwa ajili ya mchoro mmoja wa karatasi kabla ya kuhakikisha kwenye tovuti yao kwamba umetundikwa.

Harvard wanaijua hasara ya mwanga. Michoro mitano mikubwa ya mchoraji wa Marekani Mark Rothko iliwekwa 1964 katika chumba cha kulia chenye madirisha makubwa. Wekundu wake, uliotokana na rangi ya lithol, ukapauka, na 1979 ikaondolewa. Kwa kuwa haikupakwa vanishi, rangi ya kurekebishia isingeweza kubanduliwa tena. Basi katika maonyesho ya 2014 walitumia projekta kumulika rangi iliyopotea juu ya turubai, na saa kumi jioni wakaizima kila siku ili hali halisi ionekane. Sijui urekebishaji wenye heshima kuliko huo.

Orofa tatu za kwanza ndizo za maonyesho (ya chini huhesabiwa ya kwanza). Ukiwa juu, tazama ng'ambo ya ua: nyuma ya vioo yamepangwa makabati ya rangi za Forbes, mkusanyo ulioanzishwa na Edward Forbes, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho, zaidi ya sampuli 2,500.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosa kilicho bora kuliko vyote: chumba cha kusomea sanaa, orofa ya nne. Ukiomba miadi mapema, unaletewa kazi kutoka stoo uitazame kwa karibu. Katika ombi andika namba ya kila kazi kama ilivyo kwenye katalogi ya mtandaoni. Jina la msanii peke yake halitoshi, maana mmoja anaweza kuwa na kazi nyingi mle.