Flashi au DVD: kuiwasha kompyuta kuukuu kwa Linux

Kompyuta kuukuu niliyonunua Birere, hapa Goma, ilinitesa wiki nzima: nachomeka flashi yenye Debian, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, skrini inabaki nyeusi tii.

Kwa gharama flashi inashinda, maana unaifuta na kuiandika tena. DVD-R ukishaichoma, yaani kuiandika, basi. Kwa kasi pia, jambo kubwa umeme unapokatika ovyo. Lakini BIOS (programu ya ndani inayoiamsha kompyuta) nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 haziwezi kuiwasha kompyuta kutoka USB, na hapo DVD ndiyo mkombozi, mradi lenzi ya kisomaji cha DVD iwe safi. Yangu ilijaa vumbi jeusi la lava. Niliipangusa kwa pamba, ikasoma.

Orodha ya kuwakia, ile ya kuchagua kompyuta iwake kutoka wapi, inaonyesha USB? Baki na flashi. Haionyeshi? Choma DVD. Kama prosesa ni ya biti 32, chukua Debian 12. Toleo la 13 halina kisakinishi cha biti 32.